Si Uvivu, Ni Maumivu: Kuishi na Viungo Vilivyolegea

Wapo wanawake wanaoamka asubuhi wakiwa wamechoka kuliko walivyokuwa wakati wa kulala. Bega linauma, nyonga inauma, vidole vinauma hata kabla hawajashika ufagio. Ukiwatazama kwa nje hawana jeraha, hawana uvimbe wala homa. Wakienda hospitali wanapigwa picha ya eksirei na kuambiwa kuwa mifupa yao ni mizima. Wakirudi nyumbani wanaitwa wavivu. Mama mkwe ananung'unika, jirani anashauri waende kwa mganga, na mume, ambaye hapo mwanzo alikuwa na huruma, naye anaanza kuchoka kusikia habari ile ile kila siku. Miaka ikipita, mwanamke mwenyewe anaanza kujiuliza, "Je, ni kweli mimi ni mvivu?"

Maumivu ya namna hii yana sababu nyingi. Katika makala hii tutaeleza sababu moja isiyojulikana sana kwetu, nayo ni ulegevu wa viungo ambao mtu huzaliwa nao. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa kabisa. Hata hivyo, mama akiufahamu na watu wa nyumbani mwake wakiufahamu, maumivu yanaweza kupungua na maisha ya familia yakaendelea.

Nyuzi zinazoushikilia mwili

Mwili wa binadamu umeshikiliwa na nyuzi. Nyuzi hizi zimo katika ngozi, katika kano zinazofunga mfupa mmoja na mwingine, katika mishipa ya damu, katika utumbo na katika tumbo la uzazi. Wataalamu huziita tishu unganishi, na kitu kikubwa kinachozijenga ni protini iitwayo kolajeni. Kwa watu wengi nyuzi hizi ni imara kama kamba mpya ya katani. Kwa wengine huwa zinavutika kupita kiasi tangu kuzaliwa, mithili ya mpira wa sketi uliokwisha kulegea. Kiungo kinapopinda, nyuzi hizo hazikizuii mahali kinapostahili kuishia.

Kundi la magonjwa ya namna hii huitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili wa ngozi: Edvard Ehlers wa Denmark, aliyeeleza habari zake mwaka 1901, na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, aliyefanya hivyo mwaka 1908. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali waliligawa kundi hilo katika aina 13. Aina inayoonekana zaidi ni ile ya viungo kulegea, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Wapo pia watu wenye viungo vilivyolegea na maumivu ambao hawatimizi masharti yote ya aina hiyo. Hao nao wanaumwa kweli, na matunzo yao hayatofautiani sana na ya wenzao.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kipimo cha viungo kinachotumiwa na madaktari duniani kote hadi leo kina jina la Peter Beighton, ambaye pamoja na wenzake walichapisha mwaka 1973 uchunguzi uliofanywa kwa Watswana wa vijijini huko Afrika Kusini. Waliona kuwa viungo vya wanawake hupinda zaidi kuliko vya wanaume, na kwamba ulegevu hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Ni vizuri pia kujua kwamba kuwa na viungo laini peke yake si ugonjwa. Wapo wacheza ngoma na wanasarakasi wanaojikunja watakavyo na hawaumwi popote. Jambo huwa ugonjwa pale ulegevu unapoandamana na maumivu, viungo kuteguka mara kwa mara na dalili nyingine.

Kwa nini viungo viume?

Kano zisipokishika kiungo vizuri, kazi ya kukishika huiangukia misuli. Misuli hiyo hukaza mchana kutwa, hata mtu anapokuwa amesimama tu kwenye foleni ya maji. Ndiyo maana mama huyu huchoka upesi, na jioni huhisi kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Tena kiungo kinachocheza-cheza hujeruhi sehemu zinazokizunguka kidogo kidogo. Bega hutoka mahali pake na kurudi, goti hukwama, taya hulia wakati wa kutafuna.

Lipo na jambo la pili. Mwili hutambua mahali ulipo mkono au mguu kwa habari zinazotoka kwenye viungo. Kwa watu hawa, habari hizo hazifiki barabara. Matokeo yake hujigonga mlangoni, huangusha vikombe na hujikwaa mahali palipo tambarare. Wengi wamegombezwa tangu utotoni kwa uzembe ambao haukuwa uzembe.

Jambo la tatu ni mishipa ya fahamu. Maumivu yakidumu miaka mingi, mishipa hii huzidi kuwa myepesi kutoa habari ya maumivu, kama mbwa wa mlinzi aliyezoea kubweka hata jani likianguka. Maumivu hayo si ya kujifanya. Yanahisiwa kweli, ingawa eksirei haiyaonyeshi.

Namna ya kuutambua

Madaktari hutumia kipimo cha Beighton chenye alama 9. Je, kidole cha mwisho kinainuka nyuma hadi kusimama wima kiganja kikiwa mezani? Je, kidole gumba kinaweza kugusa mkono kwa upande wa ndani, juu ya kifundo? Je, kiwiko kinapinda kwa nyuma kikinyooshwa? Na goti je? Mambo hayo manne huhesabiwa kwa kila upande, kulia na kushoto. Alama ya mwisho ni kuweza kuinama na kuweka viganja vyote viwili sakafuni bila kukunja magoti. Kwa mtu mzima ambaye hajavuka miaka 50, alama 5 au zaidi humfanya daktari aendelee kuchunguza. Ikiwa sasa umri umekukaza, kumbuka ulivyokuwa ukiweza kufanya ulipokuwa msichana. Lakini usijilazimishe kujipinda ili upate alama!

Dalili nyingine ni ngozi laini kuliko kawaida, makovu mapana, damu kuvilia chini ya ngozi kwa kugongwa kidogo, kizunguzungu unaposimama ghafla, moyo kwenda mbio, tumbo kusumbua, ngiri, na kizazi kushuka. Huenda pia mama yako, dada yako au mtoto wako ana mambo kama hayo.

Kwa aina hii ya ugonjwa hakuna kipimo cha damu. Daktari huutambua kwa kuuliza, kutazama na kuondoa magonjwa mengine kama vile baridi yabisi. Mwone daktari bila kuchelewa ikiwa kiungo kimevimba na kuwa cha moto, ikiwa una homa au unakonda, ikiwa miguu inakufa ganzi au huwezi kuzuia haja ndogo. Na ikiwa katika ukoo wenu wapo waliofariki ghafla wakiwa vijana kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu, utumbo au tumbo la uzazi, mweleze daktari habari hiyo mapema. Ipo aina nyingine ya Ehlers-Danlos inayodhoofisha mishipa ya damu, nayo huhitaji uangalizi wa pekee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mambo yanayozidisha maumivu

Sisi akina mama tumelelewa tukiambiwa kwamba kazi haiui. Basi siku tunayojisikia nafuu tunafua nguo za wiki nzima, tunafagia uwanja, tunateka maji na kutwanga. Kesho yake na kesho kutwa tunalala kitandani. Kisha tunaanza tena. Mtindo huu wa kujimaliza siku moja na kulala siku tatu huharibu, kwa sababu kulala sana hudhoofisha misuli, na misuli dhaifu huongeza maumivu.

La pili ni kuvutwa viungo. Mtu mwenye viungo vilivyolegea huhisi misuli imekaza, hivyo hupenda kuvutwa, kunyooshwa au kukandwa kwa nguvu. Kukanda taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Lakini kuvuta kiungo ambacho tayari hakina breki ni kukitegua. Vivyo hivyo kuchanjwa chale: ngozi ya namna hii hupona polepole na kuacha makovu mapana.

La tatu ni fedha zinazopotea kwa kununua vidonge na unga wa kukaza viungo. Supu ya mifupa ni chakula kizuri, na wala hatumkatazi mtu kuinywa. Lakini haijapatikana dawa wala chakula kinachoweza kuzifanya upya nyuzi ambazo mtu alizaliwa nazo.

Mazoezi ndiyo dawa ya kwanza

Ikiwa kano haziwezi kukazwa, misuli inaweza kuimarishwa ili ifanye kazi yake bila kuchoka upesi. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa fiziotherapia ndiye rafiki mkubwa wa mgonjwa huyu. Hospitali za rufaa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi zina idara za fiziotherapia, na hospitali nyingine nyingi za mikoa zinao wataalamu hao. Mwambie wazi kuwa viungo vyako hupinda kupita kiasi, ili asikupe mazoezi ya kujinyoosha peke yake.

Baadhi ya mazoezi hufanyika nyumbani bila chombo chochote. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno polepole, hesabu hadi tano, kisha kishushe. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja bila kulisukuma goti nyuma, kaza paja, hesabu hadi tano. Simama mkabala na ukuta, weka viganja, sukuma taratibu. Anza na mara tatu au nne tu, na uongeze kidogo baada ya wiki, wala si kila siku. Huenda mwanzoni ukahisi misuli kuuma kwa siku moja au mbili. Ikiwa maumivu yanazidi na kuendelea, punguza idadi, lakini usiache kabisa. Manufaa huonekana baada ya miezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakati wa kusimama, usiyafungie magoti nyuma, yalegeze kidogo. Ibadani au kwenye msiba, usione haya kuomba kiti badala ya kupiga magoti au kukaa chini kwa saa nyingi.

Kupima kazi za nyumbani

Shika saa. Tazama ni baada ya muda gani maumivu huanza unapofanya kazi fulani. Kama kufua hukuumiza baada ya dakika 20, pumzika baada ya dakika 15, kabla maumivu hayajafika. Kisha fanya kazi ya namna nyingine, kama kuchambua mchele ukiwa umekaa, ndipo urudi. Wengi huona hili kuwa gumu kuliko mazoezi, kwa maana ni vigumu kuacha nguo nusu ndani ya beseni. Lakini nguo zitakungoja.

Tunapenda kuongeza mashauri haya:

Maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Beba nusu, au gawanya katika madumu mawili madogo, moja kila mkono. Palipo na baiskeli au toroli, vitumike.

Kufua. Inua beseni juu ya meza au stuli ili usiiname. Usikamue nguo nzito kwa kuisokota na vifundo vya mikono. Itundike ikidondoka maji, au izungushe kwenye bomba na uivute kwa mikono yote miwili.

Jikoni. Songa ugali katika sufuria ndogo, hata ikibidi mara mbili, na sufuria ishikwe na mtu mwingine. Viringisha kitambaa kwenye mpini wa mwiko na wa kisu ili uwe mnene. Mpini mwembamba huchosha vidole. Kazi ya kukuna nazi na kutwanga wapewe wenye mikono imara.

Kufagia. Tafuta ufagio wenye mpini mrefu. Ule mfupi wa chelewa huumiza mgongo na nyonga.

Mtoto mchanga. Kumweka kiunoni upande mmoja husukuma nyonga nje. Mfunge mgongoni kwa mbeleko, katikati, naye asikae humo muda mrefu mno. Unaponyonyesha, weka mto chini ya mtoto ili mikono isimbebe.

Kulala. Lala kwa ubavu, mto mmoja kichwani na mwingine katikati ya magoti. Usilale juu ya mkono wako. Maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa kitambaa, yakiwekwa mahali panapouma, huwasaidia wengi kupata usingizi.

Dawa za maumivu

Dawa hutuliza, haziponyi ulegevu. Panadoli au parasetamoli huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana zaidi ya hapo ini hudhurika, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe amwulize daktari kwanza. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwanamke mjamzito asizitumie bila ruhusa ya daktari, hasa baada ya wiki ya 20. Dawa kali za jamii ya mofini huzoeleka mwilini na hazifai kwa maumivu ya miaka mingi. Kumbuka pia kwamba sindano ya ganzi huwa haiwakolei vizuri baadhi ya watu wenye hali hii. Mwambie daktari wa meno kabla hajaanza kazi.

Wakati wa mimba na kujifungua

Katika mimba, homoni hulegeza kano za kila mwanamke ili njia ya mtoto ipanuke. Kwa mama ambaye tayari amelegea, nyonga na mfupa wa mbele ya kinena huweza kuuma sana hadi kutembea kuwe shida. Usinyamaze kliniki. Waeleze wauguzi na uombe iandikwe kwenye kadi yako.

Kwa baadhi ya akina mama hawa uchungu huenda haraka, kwa hiyo anayekaa mbali na hospitali afanye mpango wa usafiri mapema. Miguu isilazimishwe kupanuliwa sana wakati wa kujifungua, maana ganzi na uchungu humfanya asitambue nyonga inapoteguka. Wauguzi wawe macho na kutoka damu nyingi, na mishono iangaliwe vizuri, kwani kidonda huweza kuchelewa kufunga.

Neno kwa waume na jamaa

Maumivu ya muda mrefu huingia hadi chumbani. Wapo wanawake wanaoumia nyonga wakati wa tendo la ndoa, wakanyamaza kwa haya. Mume akikataliwa bila maelezo hudhani hapendwi. Ni heri kuzungumza kwa upole, kuchagua mkao usiopanua miguu sana, kutumia mto, na kuchagua saa ambayo mwili haujachoka. Maneno machache yaliyosemwa mapema huweza kuokoa ndoa.

Na mume afanye nini? Kwanza, aamini. Mwanamke ambaye hana haja ya kuthibitisha kila siku kuwa anaumwa hupata nguvu za kufanya mengine. Pili, aende naye hospitali walau mara moja, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Daktari akieleza pia habari ya damu kuvilia, mume hatashukiwa bure kwamba anampiga mkewe, wala mama kwamba anamtesa mtoto. Tatu, agawe kazi. Mvulana wa miaka kumi anaweza kuteka maji sawa na msichana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuwatazame watoto wetu

Ugonjwa huu hurithiwa. Kwa kawaida kila mtoto wa mzazi mwenye hali hii ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume, ingawa wasichana ndio wanaoonekana kuumia zaidi, hasa wanapovunja ungo. Wataalamu bado wanakitafuta kinasaba kinachohusika.

Basi binti yako akilia usiku kwa maumivu ya miguu, akichoka kuandika kabla ya wenzake, akitegua kifundo cha mguu kila mara, usimwite mdekaji. Mwambie asiwafurahishe wenzake kwa kujipinda vidole na mabega. Mnunulie kalamu nene, mwombee kwa mwalimu apumzike anapoandika, lakini usimzuie kucheza. Kuogelea, kutembea na baiskeli ni michezo inayomfaa, na misuli inayoimarishwa utotoni itamtumikia akiwa mama.

Wengi wetu tulikuwa na shangazi au bibi aliyesemwa maisha yake yote kuwa ni mvivu. Labda naye aliumwa, na hakuna aliyejua jina la ugonjwa wake. Mabinti zetu wasisubiri hivyo. Ukimwona mwenzako anainuka kwa shida kutoka mkekani, huku akitabasamu ili asionekane, mpe mkono, kisha umwulize anaumwa wapi.